Kichwa Kinachouma Baada ya Shingo Kutikiswa Garini

Barabara kuu itokayo Uyole kupitia Kiwira na Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, ina miteremko mirefu, kona nyingi na, kwa sehemu kubwa ya mwaka, mvua na ukungu. Huko gari hufunga breki ghafla au hugongwa kwa nyuma, na abiria hushuka wakimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyevuja damu. Siku ya pili au ya tatu mmoja wao huamka shingo ikiwa imekakamaa na kichwa kikimuuma kuanzia kisogoni. Makala haya yanamhusu abiria huyo.

Gari linapogongwa kwa nyuma, kiti husukuma kiwiliwili mbele ilhali kichwa, chenye uzito wa kilo 4 hadi 5, huchelewa nyuma, kisha hurushwa mbele kwa nguvu. Misuli, kano na viungo vidogo vya pingili za shingo huvutwa kupita kiasi. Neva za pingili 3 za juu za shingo hukutana, chini ya ubongo, na neva iletayo hisia za uso. Ndiyo sababu jeraha la shingo huweza kuuma nyuma ya jicho au kwenye paji, mahali ambapo hapakuguswa na kitu chochote.

Kwa vigezo vya kitabibu, maumivu hayo huhusishwa na ajali yanapoanza ndani ya siku 7. Yakizidi miezi 3 huhesabiwa kuwa ya kudumu. Wengi hupona kabla ya hapo. Picha ya eksirei aghalabu huonekana safi, kwa kuwa huonyesha mifupa na si misuli. Picha safi haimaanishi kwamba mgonjwa anajifanya, na ndugu wa nyumbani wanapaswa kulielewa hilo.

Iwapo mkono au mguu unakufa ganzi au kulegea, mgonjwa anatapika mara kwa mara, anachanganyikiwa, anaona vitu viwiliviwili, anashindwa kuzuia mkojo, au anaumia katikati ya mfupa wa shingo, apelekwe hospitali mara moja bila shingo kugeuzwageuzwa: Makandana, Igogwe, au yoyote iliyo karibu. Kamwe asikubali shingo yake ivutwe au “ivunjwe” ili irudi mahali pake.

Asiye na dalili hizo, na aliyekwisha kupimwa, hanufaiki kwa kulala kitandani wiki nzima wala kwa kuvaa kola ya shingo muda mrefu. Aigeuze shingo taratibu mara kadhaa kwa siku na arejee kazini hatua kwa hatua. Mkungu wa ndizi au ndoo ya maji kichwani vingoje; ushauri huu ni rahisi kuutoa kuliko kuufuata, hivyo jamaa wamsaidie. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, paracetamol ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24. Anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, huenda dawa zenyewe ndizo zikawa chanzo kipya cha kichwa kuuma. Kwa dawa za mchanganyiko wenye kafeini, siku 10 zatosha kuleta madhara hayo.

Kuhusu haki zake, abiria atunze tiketi, aandike namba ya usajili wa gari na aombe fomu PF3 kituo cha polisi, hata kama siku ya ajali hakusikia maumivu. Aliye mahututi atibiwe kwanza. Cheti cha daktari kitaje tarehe maumivu yalipoanza. Sheria inalitaka kila gari la abiria liwe na bima inayowahusu pia waliomo ndani kwa nauli, na bima hiyo huhakikiwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Asisaini hati ya kupokea “fedha ya matibabu” na kusamehe madai papo hapo barabarani: jeraha hili huchelewa kujitokeza, na saini haichelewi. Kampuni ya bima ikikataa au ikikawia kulipa, malalamiko hupelekwa TIRA au, bila kulazimika kwenda mahakamani kwanza, katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, yakiambatana na nakala za PF3, cheti na stakabadhi za dawa.