Tuwaondoe Chawa wa Kichwani



Mtoto wako anajikuna kichwa usiku na mchana. Wiki iliyopita ulimchana, ukawaua chawa wote uliowaona. Mbona wamerudi?

Sababu ni mayai. Chawa jike hutaga mayai kila siku. Huyagandisha kwenye unywele, karibu na ngozi. Maji na sabuni haviyatoi. Baada ya siku 7 hadi 10 mayai huanguliwa. Kwa hiyo kazi ya siku moja haitoshi.

Fanya hivi:

1. Mwoshe mtoto kichwa kwa maji na sabuni. Kisha mpake mafuta ya nazi au ya kupikia, ili kitana kipite vizuri.

2. Tumia kitana chenye meno yaliyokaribiana sana. Gawa nywele mafungu madogo. Chana kila fungu kuanzia kwenye ngozi mpaka ncha.

3. Kila unapochana, pangusa kitana kwa kitambaa cheupe. Hapo utawaona chawa. Watumbukize katika maji ya moto.

4. Chana siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Siku ya 17 kagua. Ukikuta chawa, anza upya.

Wewe sasa unajua kuandika. Andika tarehe hizo kwenye karatasi, uibandike ukutani.

Njia nyingine ni kunyoa nywele zote. Kila mtu atumie wembe wake mpya.

ONYO: Wako wazazi wanaompaka mtoto mafuta ya taa au dawa ya wadudu wa pamba. Usifanye hivyo! Mafuta ya taa huunguza ngozi, tena hushika moto. Dawa ya shambani hupenya ngozini. Inaweza kumwua mtoto. Kichwa kikiwa na vidonda au usaha, mpeleke zahanati.

Usimwaibishe mtoto. Hata anayeoga kila siku hupata chawa. Chawa haruki. Hutambaa toka kichwa hadi kichwa watoto wanapocheza au kulala pamoja. Kwa hiyo kagua watu wote wa nyumbani siku hiyo hiyo. Fua kanga, kofia na foronya kwa maji ya moto. Mwambie na jirani, naye awakague watoto wake.

Wahenga walisema: Kidole kimoja hakivunji chawa.