Pumziko la Moyo katika Maisha ya Augustino wa Hippo

Katika mafundisho ya Kikristo, pumziko la kiroho si kukoma kwa kazi wala kuondokewa na shida, bali ni utulivu wa moyo ulioacha kuhangaika kwa sababu umejikabidhi kwa Mungu kwa imani, yaani kwa kumtumaini yeye kuliko nguvu zake wenyewe. Ni wachache walioeleza safari ya kulifikia pumziko hilo kwa kina kama Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, na aliyesimulia maisha yake katika Maungamo, kitabu alichokiandika kama sala ndefu kwa Mungu.

Kipaji chake cha balagha, yaani sanaa ya kusema kwa ufasaha na kushawishi, kilimpandisha kutoka Karthago hadi Roma, na mwaka 384 kikampatia kazi ya ualimu huko Milano, yalikokuwa makao ya Kaisari. Hata hivyo moyo wake haukutulia. Kabla ya hapo, kwa takriban miaka tisa, alikuwa ameandamana na wafuasi wa Mani, waliofundisha kuwa ulimwengu ni uwanja wa vita kati ya nuru na giza, lakini maswali yake hayakupata majibu. Siku moja, akiwa na wasiwasi juu ya hotuba ya kumsifu Kaisari, alimwona njiani ombaomba mlevi akifanya mzaha, akatambua kwa uchungu kwamba mtu yule, kwa sarafu chache alizoomba, alikwisha kupata furaha, ingawa ya kupita, ambayo yeye aliisaka kwa taabu bila kuipata.

Kufikia mwaka 386 akili yake ilikwisha kuukubali ukweli wa Injili, ila utashi wake, yaani uwezo wa nafsi wa kuamua, uligawanyika, ukitamani kuacha mazoea ya zamani na wakati huohuo ukiyang'ang'ania. Alipokuwa akilia chini ya mtini katika bustani, alisikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikimhimiza asome. Akarudi alipoketi rafiki yake Alypius, akafungua nyaraka za Paulo na kusoma kimya sehemu ya sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, inayoagiza kuacha ulevi na ufisadi na kumvaa Kristo, na mashaka yake yakaondoka. Alibatizwa na Askofu Ambrosi wakati wa Pasaka ya mwaka 387.

Augustino aliliona badiliko hilo kuwa neema, yaani kipawa cha Mungu kisicholipiwa, wala si ujira wa juhudi zake. Tena pumziko hilo halikumfanya akae bure, kwani akiwa askofu wa mji wa Hippo alihubiri, aliamua mashauri ya watu na kuandika bila kuchoka, hadi alipofariki mwaka 430 wakati jeshi la Wavandali lilipokuwa limeuzingira mji huo. Alifundisha kwamba utulivu wa duniani ni limbuko tu, na kwamba utimilifu wake uko katika Sabato ya milele. Kwa hiyo aliyelemewa hahitaji kungoja mambo yake yatengemae ndipo amwendee Mungu, kwa maana pumziko hilo hutolewa kwa yule anayekwenda akiwa bado na mzigo wake.