Tarehe 15 Julai: rekodi za kipupwe zinamwambia nini mkazi wa Shanzu?

Kila mwaka ifikapo katikati ya Julai, sentensi mbili husikika Shanzu. Ya kwanza husemwa kwenye vibanda vya chai na kwenye matatu za asubuhi: "Baridi ya mwaka huu imezidi." Ya pili husemwa ufuoni, pale mashua zinapotayarishwa: "Mwaka jana tarehe kama hii tulitoka, na bahari ilikuwa shwari."

Zote mbili zinafanya kazi moja. Zinalinganisha siku ya leo na siku kama hiyo ya miaka iliyopita. Sentensi ya kwanza haina madhara, hata ikiwa si kweli. Ya pili imewahi kuwatoa watu baharini siku ambayo hawakupaswa kutoka. Ndiyo maana inafaa mkazi ajue kumbukumbu za hali ya hewa za tarehe moja zinawekwaje, na zinaweza kumsaidia kwa lipi.

Mombasa vipimo rasmi huchukuliwa katika kituo cha hali ya hewa kilicho kwenye Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Changamwe. Vipimajoto hukaa ndani ya kibanda cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, kiasi cha urefu wa kifua cha mtu mzima, ili vipime joto la hewa na si la jua wala la lami. Kimoja hushika joto la juu kabisa la siku, kingine joto la chini kabisa la usiku. Mvua hupimwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo "siku" ya mvua huanza saa tatu na kuisha saa tatu ya kesho yake. Mtu anayesema "mvua ya jana usiku" na mtaalamu anayesoma daftari wanaweza kutofautiana tarehe bila hata mmoja kukosea.

Kazi hii ni ya zamani. Huduma ya pamoja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1929 chini ya Waingereza, na baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 kila nchi ikaendelea na idara yake. Ili kupata rekodi ya tarehe 15 Julai, mtaalamu huchukua tarehe hiyo ya kila mwaka na kuipanga kwenye safu moja. Kutoka hapo hupatikana joto kubwa zaidi kuwahi kupimwa siku hiyo, dogo zaidi, na mvua nyingi zaidi. Wastani wa kawaida huhesabiwa kwa miaka 30, kama Shirika la Hali ya Hewa Duniani linavyoelekeza. Kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020.

Ukweli ni kwamba safu ya joto ya Mombasa haisisimui. Mwezi wa Julai joto la mchana hufika nyuzi 27 au 28 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi nyuzi 20 hivi. Mwezi Machi mchana hufika 32 au 33. Tofauti kati ya msimu wa joto kali na kipupwe ni nyuzi 5 tu, na miaka mingi tarehe moja hutofautiana na mwenzake kwa nyuzi moja au mbili. Linganisha na jiji la Chicago, Marekani, ambako tarehe 20 Januari 1985 joto lilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Hata hapa Kenya, watu wa Busara karibu na Nyahururu waliwahi kuamini wameona theluji, Septemba 2008, ardhi ilipofunikwa na barafu nyeupe. Wataalamu walieleza kuwa ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana. Shanzu haina hadithi ya namna hiyo. Bahari ndiyo inayotuliza joto: maji hupata moto polepole na kupoa polepole, na Shanzu iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta.

Basi "baridi imezidi" inatoka wapi? Sehemu kubwa ni upepo na unyevu. Ngozi iliyozoea nyuzi 32 ikipigwa na upepo wa kusi alfajiri, pamoja na manyunyu ya mchoo, husikia baridi hata kama kipimajoto kinaonyesha nyuzi 21. Mtoto anayetoka Utange kwenda shule akiwa amelowa ana haki ya kutetemeka, rekodi iseme isemavyo.

Neno "rekodi" lenyewe nalo linahitaji uangalifu. Ikiwa hali ya hewa haibadiliki na kuna kumbukumbu za miaka 29, uwezekano wa mwaka wa 30 kuvunja rekodi ya joto ya tarehe fulani ni mmoja kati ya 30. Lakini mwaka una tarehe 365. Kwa hesabu hiyo, karibu tarehe 12 kila mwaka zingevunja rekodi kwa bahati tu. Kusikia kwamba leo "rekodi imevunjwa" si habari kubwa. Habari ni pale rekodi za joto zinapovunjwa mara nyingi kuliko za baridi, mwaka baada ya mwaka.

Kuna pia suala la umbali. Kutoka uwanja wa ndege hadi Shanzu ni kama kilomita 18 kwa mstari ulionyooka, na mvua za pwani huja kwa vipande: Kiembeni hulowa huku Bamburi ikiwa kavu. Kituo kilicho karibu zaidi na Shanzu ni kile cha hali ya hewa ya kilimo cha Mtwapa, ng'ambo ya daraja, upande wa Kilifi.

Sasa tuje kwenye bahari. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Oktoba, na hushika nguvu zaidi Juni hadi Agosti. Asili yake ni eneo la kanieneo kubwa la hewa lililo kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mauritius na Réunion, ambalo huimarika wakati huko ni majira ya baridi. Hewa husukumwa kuelekea kaskazini, hupita Pwani ya Kenya na Somalia, kisha hugeuka kwenda kunyesha India. Manahodha wa majahazi walilijua hili bila kipimo chochote: waliondoka Mombasa na kusi changa la Aprili na Mei, na katikati ya msimu walikaa bandarini.

Upepo una hali yake kila wiki. Huongezeka siku tatu nne, ukalegea, ukarudi. Haufuati tarehe. Maji nayo hayafuati kalenda ya ukutani; yanafuata mwezi, ambao kwa mwaka huachana na kalenda hiyo kwa siku 11 hivi. Tarehe 15 Julai iliyokuwa na maji mafu mwaka jana inaweza mwaka huu kuangukia siku chache tu baada ya bamvua, wakati tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani hii hukaribia mita 4 katika bamvua kubwa. Maji yanayopwa kwa kasi kutoka mkono wa bahari wa Mtwapa yakikutana na mawimbi ya kusi pale kwenye mlango wa mwamba, mawimbi hayo husimama wima na kuvunjika. Mashua iliyopita hapo mwaka jana bila taabu inaweza kujazwa maji.

Wazee wa Pwani walikuwa na kalenda yao iliyohesabu siku tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Kiswahili, kwa makundi ya siku kumi kumi yaliyoitwa miongo. Wavuvi na wakulima walijua mwongo upi wa kupanda na upi wa kutoka baharini. Lakini hata hesabu hiyo nzuri huteleza: mwaka wake una siku 365 bila siku ya nyongeza, hivyo hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, karibu mwezi mzima katika miaka 120. Hawakuitegemea peke yake. Walitazama pia nyota, mwezi na rangi ya maji.

Rekodi za miaka mingi zinafaa kwa mipango: kujua ukubwa wa mitaro, msimu wa kutengeneza paa, au miezi ya kuweka akiba kwa sababu samaki watapungua. Uamuzi wa kutoka leo unahitaji utabiri wa leo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila siku na wa siku tano, na tahadhari upepo unapotarajiwa kuzidi noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa. Viongozi wa BMU wanaombwa kuisoma tahadhari hiyo kwa sauti ufuoni kabla ya mashua kutoka, kwa kuwa si kila baharia ana simu yenye chaji alfajiri. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe tangu ufuoni, lisiwekwe chini ya nyavu. Chombo kikichelewa kurudi, piga 999 au 112 mara moja, bila kusubiri hadi asubuhi.

Shule zenye uwanja ulio wazi zinaweza pia kusaidia. Idara hupokea vipimo vya mvua vya watu wa kujitolea, na shule ya Shanzu inayotaka kuweka kipimamvua inaweza kuuliza katika ofisi ya mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti. Kinachohitajika ni mtu wa kukisoma kila siku saa tatu asubuhi, likizo zikiwemo.