Malale Yanapungua, na Wanaoyatambua Pia

Jina la ugonjwa linaweza kupotosha. Malale huitwa ugonjwa wa usingizi, na picha inayotujia ni ya mtu anayesinzia mchana huku wenzake wakila. Picha hiyo inayafaa malale ya Afrika ya Magharibi na Kati, yanayomla mtu taratibu kwa miaka. Ya Afrika ya Mashariki, yanayoletwa na kijidudu Trypanosoma brucei rhodesiense, huenda mbio. Ni suala la wiki au miezi, na mgonjwa anaweza kufa kabla usingizi haujamfika. Mara nyingine kinachotangulia kushindwa ni moyo.

Kibondo na Kasulu zimehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa wilaya za malale nchini Tanzania. Nyanda za Buha, zilimo wilaya hizo, zimepakana na miombo, na mashariki kuna pori la Moyowosi, makao ya mbung'o, nzi anayeeneza malale, ambaye wengine humwita ndorobo. Miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza iliwakusanya watu waliotawanyika porini, ikawaweka kwenye makazi ya pamoja ili mbung'o asiwafikie. Watu walihama, kijidudu kikabaki kwa pongo na wanyama wengine wanaokibeba bila kuugua sana. Leo wanaokifuata huko ni warina asali, wawindaji, wachungaji na wachoma mkaa.

Turudi kwenye moyo, ambao malale yanaweza kuushinda kwanza: una kazi zaidi ya kusukuma damu. Ndani ya seli za misuli ya vyumba vyake vya juu kuna vifuko vidogo mno vilivyojaa homoni. Hadubini za elektroni zilivionyesha tangu miaka ya 1950, lakini kazi yake haikujulikana hadi 1981, pale Adolfo de Bold na wenzake, huko Kanada, walipowadunga panya majimaji yaliyotokana na misuli ya vyumba hivyo, na panya wakakojoa maji na chumvi kwa wingi. Damu ikizidi, ukuta wa moyo huvutika, vifuko humwaga homoni, figo hutoa chumvi na mzigo hupungua. Upande wa pili zipo neva zinazojiendesha zenyewe bila mtu kuamua. Kundi moja huharakisha mapigo na kuziagiza figo zibane chumvi, na kundi jingine, kupitia neva ya vegasi, huyapunguza. Moyo wenye afya huishi katikati ya mvutano huo.

Malale huuvuruga mvutano huo. Mwaka 1976 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mioyo ya watu waliokufa kwa ugonjwa huu nchini Uganda. Uvimbe wa maambukizi ulikuwa umeingia tabaka zote za moyo, vali zake, hata njia za umeme zinazopanga mapigo. Miaka ya 2000 wagonjwa wa Kongo walipopimwa, damu yao ilikuwa na kiwango cha juu cha alama ya homoni iliyo ndugu wa ile ya de Bold, ishara kwamba kuta za moyo zimelemewa. Kitandani yote haya hujionyesha kwa dalili ndogo: mapigo hukimbia kuliko homa inavyoeleza.

Sasa idadi. Mwaka 1998 karibu wagonjwa 40,000 waliripotiwa duniani. Tangu 2018 hawajafika 1,000 kwa mwaka, na wa rhodesiense ni sehemu ndogo ya hao. Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya jamii nchini Rwanda (2022) na Kenya (2025). Dawa nazo zimebadilika. Melarsoprol, yenye aseniki ndani yake, iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 waliodungwa. Tangu 2024 shirika hilo linapendekeza vidonge vya fexinidazole hata kwa rhodesiense. Ni mafanikio ya kweli.

Lakini kuna kitu kingine kilichopungua pamoja na wagonjwa. Zamani mtu mwenye homa alichomwa kidole, tone likapakwa kwenye slaidi, na mtu wa maabara akainama kwenye hadubini kutafuta malaria. Alipokutana na kijidudu kirefu kinachojipinda na kusukumasukuma chembe nyekundu, alijua yuko mbele ya malale, ingawa hakuyatafuta. Tangu miaka ya 2010 zahanati nyingi hutumia kipimo cha haraka cha malaria. Kimeokoa maisha mengi, lakini hujibu swali moja tu. Kikisema hapana, mrina asali hurudi nyumbani na vidonge vya kushusha homa, na kijidudu hakijaonwa na mtu.

Hapo ndipo penye hatari. Kijidudu kilicho na hifadhi kwa pongo hakitoweki kwa sababu tu wagonjwa wamekwisha. Na kadiri wagonjwa wanavyokuwa adimu, ndivyo vijana wanaoajiriwa zahanati za Kibondo na Kasulu wanavyomaliza miaka bila kukiona. Sifuri kwenye daftari inaweza kumaanisha hakuna malale, au hakuna aliyeangalia.

Si lazima kila zahanati inunue mashine. Mgonjwa ambaye kipimo cha malaria kimesema hapana na homa bado ipo, ashikwe kifundo cha mkono na mapigo yahesabiwe kwa saa dakika nzima. Akaguliwe ngozi kutafuta jeraha gumu pale alipoumwa na mbung'o. Kisha aulizwe aliingia porini lini mara ya mwisho. Majibu yakitia shaka, slaidi ipakwe.