Kwa Nini Si Kila Kampaundi Yenye Haidrojeni ni Asidi: Mfano wa Pombe ya Ndizi ya Buha

Fasili isemayo kuwa asidi ni kampaundi yenye haidrojeni ina upungufu, kwani hutaja sharti moja na kuliacha lililo muhimu zaidi. Sukari, methani na amonia zote zina haidrojeni, lakini hakuna hata moja iliyo asidi katika maji. Makala haya yanaeleza sababu yake kwa mfano wa pombe ya ndizi, ambayo hutengenezwa na Waha wa Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za Kigoma.

Maji ya ndizi mbivu yanapoumuka, hamira hugeuza sukari kuwa ethanoli. Pombe ikiachwa wazi kwa siku kadhaa, bakteria hutumia oksijeni ya hewani kuigeuza ethanoli kuwa asidi ya asetiki, yaani asidi ya siki. Hapo husemwa kuwa pombe imechacha. Molekuli ya ethanoli (C₂H₆O) ina atomu 6 za haidrojeni, ilhali ya asidi ya asetiki (C₂H₄O₂) ina 4 tu. Haidrojeni imepungua, na asidi imepatikana. Ni dhahiri kwamba idadi siyo sababu.

Sababu ni namna atomu hiyo ilivyoshikamana na nyingine. Katika asidi ya asetiki, haidrojeni 3 zimeshikamana na kaboni, nazo haziachii. Ya nne imeshikamana na oksijeni. Inapotoka kama protoni na kupokewa na maji, chaji hasi inayobaki hugawanywa baina ya oksijeni 2, na mabaki hayo hutulia. Ethanoli nayo ina haidrojeni 1 iliyoshikamana na oksijeni, lakini ikitoka, chaji huilemea oksijeni moja pekee. Ndiyo maana asidi ya asetiki huishinda ethanoli kwa nguvu ya kutoa protoni takribani mara bilioni 100.

Mwaka 1838 Justus von Liebig alieleza kwamba haidrojeni ya asidi ni ile iwezayo kubadilishwa na metali. Mwaka 1923 Brønsted na Lowry, kila mmoja kivyake, walifasili asidi kuwa kitu kinachotoa protoni. Kwa fasili hiyo amonia, ambayo katika maji hupokea protoni, ni besi.

Kwa hiyo, waandishi wa kamusi na vitabu vya kemia kwa Kiswahili hawana budi kutotosheka na maneno "yenye haidrojeni", bali waandike "inayotoa protoni". Mwanafunzi aliyekwisha kuona pombe ikichacha nyumbani kwao ataielewa fasili hiyo bila kuikariri.