Sanduku la pikipiki na rangi ya uani: plastiki haitaki haraka

Na Mwandishi Wetu, Kampala

Rangi ilianza kubanduka Namawojolo. Nilikuwa nimesimama kununua kuku wa kuchoma kando ya barabara ya Jinja, kama wafanyavyo wasafiri wengi wa njia hiyo, nikaona kwenye kona ya sanduku la nyuma ya pikipiki yangu kipande cheupe kimejikunja kama ganda la kitunguu. Nilikivuta kwa ukucha. Kikaja kirefu kama kiganja, na chini yake plastiki ilikuwa nyeusi, safi, kana kwamba haikuwahi kuguswa na rangi. Nilipofika mpakani Busia, karibu kilomita 200 kutoka Kampala, upande mzima uliopigwa na upepo ulikuwa na mabaka kama ramani ya visiwa vya Ssese.

Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya mwenyewe, uani, Jumapili moja mchana. Nilidhani nimeokoa fedha.

Anayeona jambo hili dogo na akaange siku kadhaa na waendesha bodaboda wa Kampala, Kisumu, Kigali au Arusha. Sanduku la nyuma si pambo. Ndilo ghala, ndiyo ofisi, na kwa anayesambaza chakula au dawa ndilo jambo la kwanza mteja analoliona mlangoni. Sanduku lililochubuka lenye nembo ya kampuni isiyokuwapo humfanya mteja asite kufungua geti. Jumia ilipofunga huduma yake ya chakula mwishoni mwa Desemba 2023 katika nchi saba za Afrika, Kenya na Uganda zikiwa miongoni mwake, nembo hiyo ilipoteza kazi kwa usiku mmoja. Kampuni za namna hii huja na kuondoka. Mwenye pikipiki hubaki, na sanduku hubaki naye. Njia rahisi ya kulipa maisha mapya ni kopo la rangi ya kupuliza.

Tatizo ni kwamba plastiki si bati. Kwenye bati, kutu ikitolewa na uso ukikwaruzwa, rangi hushika. Plastiki zina tabia tofauti, na mbili kati ya zinazotumika sana kwenye masanduku ya pikipiki hazifanani kabisa. Ya kwanza huitwa ABS: ngumu, hupokea rangi vizuri ikitayarishwa. Ya pili ni polipropilini, yaani ile ya ndoo, mabeseni na viti vya bustani. Hii haipendi kushikwa na kitu chochote. Maji hujikusanya matone juu yake, gundi huteleza, na rangi hukaa juu kama blanketi lililotandikwa kitandani, likingojea mtu wa kulivuta. Sanduku langu lilikuwa la jamii hiyo, nami sikujua.

Kujua ni rahisi. Fungua sanduku, geuza kifuniko, tafuta herufi ndogo zilizochomoza kwenye plastiki ndani. Watengenezaji wengi huandika ABS au PP katikati ya alama mbili za mshale. Kama herufi hazipo, kata kijipande kidogo mahali pasipoonekana, ukitupe kwenye beseni la maji yenye sabuni kidogo. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, huelea. ABS huzama. Jaribio hili halina uhakika wa asilimia mia, kwa sababu polipropilini iliyochanganywa na unga wa madini inaweza kuzama pia, lakini lingeniokolea Jumapili yangu.

Kosa langu la pili lilikuwa petroli. Nilifuta sanduku kwa kitambaa chenye petroli kwa sababu ndivyo nilivyoona mafundi wengi wa barabarani wakifanya. Petroli huacha utando wake wa mafuta. Thina ni mbaya zaidi kwa ABS: huiyeyusha uso, na nyufa ndogo zinaweza kujitokeza baadaye pale sanduku linapobeba uzito. Kinachotakiwa ni maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kusuuza vizuri, kukausha, kisha kufuta kwa spiriti nyeupe ya dukani, ile ya kusafishia vidonda. Sanduku jipya nalo huoshwa, maana kiwandani hutolewa kwenye kalibu kwa dawa ya utelezi ambayo hubaki usoni. Na kama uliwahi kuling'arisha kwa ile dawa ya kung'arishia dashibodi, osha mara mbili. Silikoni iliyomo ndani yake hutoboa rangi vishimo kama macho ya samaki.

Baada ya kushindwa kwangu nilikwenda kwa fundi rangi mmoja wa upande wa Kisekka, mtu wa makamo aliyepaka magari tangu ujana wake. Alilitazama sanduku, akacheka kidogo kwa adabu, akanieleza kwamba robo tatu ya kazi hufanyika kabla ya kopo kufunguliwa. Nimejaribu maneno yake na nimeyaona ni kweli.

Sanduku hutolewa kwenye pikipiki. Kufuli, bawaba zinazofunguka, mpira wa kuzuia maji na vioo vyekundu vya kurudisha mwanga hutolewa pia, au hufunikwa kwa utepe wa karatasi kama haviwezi kutoka. Hivyo vioo visipakwe rangi hata kwa bahati mbaya. Usiku, kwenye barabara isiyo na taa, ndivyo vinavyomwambia dereva wa lori kwamba mbele yake kuna mtu. Kisha msasa wa maji namba 400, taratibu, mpaka mng'ao wote uishe na uso uwe wa ukungu. Mikwaruzo mirefu huanzwa na namba 320. Halafu praima ya plastiki, kopo tofauti kabisa na rangi, ambayo kazi yake pekee ni kuishikisha rangi kwenye uso usiotaka kushikwa. Kwa polipropilini hakuna njia ya kuikwepa. Hupulizwa nyembamba, karibu isionekane, na rangi hufuata ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo.

Kupuliza kwenyewe ni dakika chache tu. Kopo hutikiswa dakika mbili tangu ile golori iliyomo ianze kugonga. Umbali ni sentimita 20 hadi 30. Mkono huanza kupuliza kabla ya kufika kwenye sanduku na kuacha baada ya kulipita, na kila mstari hufunika nusu ya uliotangulia. Koti la kwanza liwe kama vumbi tu. Mwenye tamaa ya kuona weupe kwa mara moja atapata machozi yanayotiririka pembeni. Dakika 10 hadi 15 kati ya koti na koti. Makoti matatu membamba ni bora kuliko moja zito. Nilinunua kopo moja la mililita 400 kwa sanduku la lita 45, likaniishia katikati ya kifuniko. Nililolifuata duka la pili lilikuwa la weupe mwingine kidogo, tofauti ambayo huionekani uani bali huonekana barabarani. Nunua mawili, siku moja, duka moja.

Hali ya hewa yetu ina ubishi wake. Unyevu ukiwa mwingi, rangi hukauka ikiwa na ukungu mweupe, na huku kwetu kati ya Septemba na Novemba mvua ya alasiri haibishi hodi. Watu wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wana unyevu mwaka mzima. Wakati mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka na jua halijawa kali, mahali penye kivuli. Jua kali juu ya plastiki nyeusi huifanya rangi ikauke ikiwa bado hewani, ifike ikiwa chengachenga. Kwa wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, Entebbe, Kisumu au Mwanza, kuna jambo jingine ambalo maelekezo ya kwenye kopo hayalijui: wale wadudu wadogo wa ziwani. Jioni moja wanaweza kuligeuza sanduku jeupe kuwa mkate wa ufuta.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike makala haya, maana rangi iliyobanduka haimuui mtu.

Siku ya kwanza nilipuliza nikiwa nimejifunga kitambaa puani. Mtoto wa jirani alikaa kwenye kizingiti akitazama, na hatua chache kutoka kwake mama yake alikuwa ameweka jiko la makaa akipika matoke. Sikuona ubaya. Gesi inayosukuma rangi kutoka kwenye kopo ni ya jamii ileile ya gesi ya kupikia. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa chini, na jiko liko chini. Uani kwa watu wengi wa miji yetu si mali ya mtu mmoja. Ni jiko, ni mahali pa kuanikia nguo, ni uwanja wa watoto. Anayetaka kupuliza rangi hapo ahakikishe kwanza hakuna moto, hakuna fundi wa kuchomelea jirani, na watoto wameingizwa ndani mpaka harufu iishe. Kopo lililokwisha nalo lisitupwe kwenye takataka zinazochomwa. Hata likiwa tupu lina gesi iliyobaki, na hulipuka.

Kitambaa puani hakizuii mvuke, wala barakoa ya vumbi ile ya karatasi. Kinachosaidia kwa rangi ya kopo la kawaida ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya makaa, na kupulizia nje penye hewa inayopita. Lakini ipo rangi nyingine ambayo haifai kupulizwa nyumbani hata kwa barakoa hiyo. Ni klia ya sehemu mbili, inayochanganywa na kigumisho, na inapendwa kwa sababu haiyeyuki petroli ikimwagikia. Kigumisho chake kina isosayanati, kemikali inayojulikana kwa kuwapa wapaka magari pumu. Mwili ukishaizoea vibaya, kiasi kidogo tu baadaye hutosha kumkaba mtu pumzi. Kwenye karakana zinazofuata taratibu, mpakaji huletewa hewa safi kwa bomba. Hapa kwetu nimewaona vijana wakiipuliza kwa kompresa wakiwa na fulana tu, mchana kutwa. Fundi wangu wa Kisekka hakohoi bure. Aliniambia hivyo mwenyewe, kisha akabadilisha mazungumzo.

Kuna na risasi. Viwango vya pamoja vya rangi vya Afrika Mashariki vinaweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni, lakini sanduku la zamani lilipakwa rangi kabla ya viwango, au huko lilikotoka. Rangi za njano, za machungwa na nyekundu ndizo zilizokuwa zikipata mng'ao wake kutokana na madini hayo mara kwa mara, na hizo ndizo rangi zinazopendwa na wasambazaji. Ndiyo maana nasisitiza msasa wa maji. Msasa mkavu hurusha vumbi, na vumbi hutua sakafuni anapotambaa mtoto.

Kwa wanaovuka mipaka, swali ninaloulizwa sana ni kama kubadili rangi kunaleta matatizo ya hati. Rangi ya pikipiki huandikwa kwenye kadi au kitabu cha usajili, iwe Uganda, Kenya au Tanzania. Ukipaka tangi na maganda ya pembeni rangi nyingine bila kubadilisha hati, umejitafutia maswali kwenye kizuizi cha polisi au pale forodhani. Sanduku ni kifaa cha kuongezwa na kutolewa, halimo kwenye maelezo hayo. Kilicho muhimu ni kwamba lisifunike namba ya usajili wala taa. Busia, siku ile ya mabaka, afisa alitazama namba zangu, akatazama sanduku, akauliza tu kama nimeanguka.

Mara ya pili nimefuata kila hatua, na hatua iliyonishinda ni kungoja. Rangi hukauka kuguswa ndani ya nusu saa, lakini kukomaa kwake huchukua siku hadi wiki. Siku ya tatu nilikuwa na mzigo wa kupeleka Jinja, nikafunga kifurushi juu ya kifuniko kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Sasa nina mistari miwili myeusi iliyozama kwenye weupe, sambamba kama reli. Rangi yenyewe haijabanduka. Nimeshakwenda Busia na kurudi mara mbili, mara moja kwa mvua, na kona zote ziko salama. Mistari nitaisugua kwa msasa namba 600 na kupuliza upya kifuniko peke yake, baada ya mvua za Novemba.

Jirani amekubali kunipa uani asubuhi hiyo. Sharti lake ni kwamba awe amemaliza kupika kwanza.