Jua la Ikungi na Kioo Cheusi

Wajukuu zangu, sogeeni hapa kivulini. Leo sungura na fisi wapumzike. Nataka kuwasimulia habari ya mtu aliyeonewa na jua.

Mtu mwenyewe ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Mwaka ule alikuja hapa Ikungi alizeti ikiwa imechanua, shamba zima la njano hadi kwenye yale mawe makubwa. Aliazima kamera yangu, akaenda kumpiga video bibi yake akipita katikati ya maua saa saba mchana. Alirudi kanuna.

"Shikamoo mjomba. Kamera yako mbovu."

"Marahaba. Hebu nione."

Nikatazama. Video ya kwanza ilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo, uso wa bibi hauonekani. Ya pili ilikuwa na mwanga mzuri, lakini bibi alitembea kwa kushtukashtuka kama mdoli, na maua yaliyokuwa yakiyumba kwa upepo yalirukaruka.

Kamera ilikuwa nzima, ila mwanga uliizidi. Fikirieni debe chini ya bomba. Mkifungulia maji kwa nguvu, debe hujaa mara moja, na msipowahi kufunga linamwagika. Shata ya kamera ndiyo koki: hufunguka, mwanga ukaingia, kisha hufunga. Kwa video ya picha 25 kwa sekunde, mwendo wa mtu hupendeza shata ikifunguka kwa sekunde 1/50 hivi. Lakini katika jua kali, tundu la lenzi likiwa f/4 na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikiwa 100, debe hujaa kwa sekunde 1/1600 tu. Kwa hiyo mpwa wangu alipoacha 1/50, mwanga ulimwagika; alipokimbilia 1/1600, bibi akashtukashtuka.

"Si ningebana tundu la lenzi?" akauliza.

Angeweza, kwa kubana hadi f/22. Lakini hapo kila kitu nyuma ya bibi kingetokeza, hata nguzo za umeme, na picha yenyewe ingepoteza ukali kidogo. Yeye alitaka uso wa bibi uwe wazi na maua ya nyuma yafifie kwa ulaini. Basi alihitaji filta ya ND, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi. Sifa yake ni kutopendelea: hupunguza njano, kijani na buluu kwa kipimo kimoja. Si kama miwani ya kahawia, ambayo ukiivaa hata maziwa yanageuka chai.

"Ninunue ya namba gani, mjomba?"

Nikaleta ungo na mbegu za alizeti za msimu uliopita. Nikamhesabia 32. "Kula nusu." Zikabaki 16. "Tena." Nane. Tena, nne. Tena, mbili. Tena, moja. Amekula mara tano, na kila mara nusu. Sasa shukeni na shata vivyo hivyo: 1600, 800, 400, 200, 100, 50. Nazo ni hatua tano! Wapiga picha huziita stopu. Filta inayokula nusu mara tano huandikwa ND32, kwa kuwa hubakiza mbegu moja kati ya 32.

Mkishaelewa mbegu, namba zote zinasomeka. ND8 hula mara tatu, ND64 mara sita, na ND1000 mara kumi. Watengenezaji wengine huandika kwa desimali, na kila hatua huhesabiwa 0.3. Kwa hiyo mkiona 0.9, hiyo ni ND8 ileile, na 1.8 ni ND64.

Kwa picha za kawaida, swali ni mnataka upepo uonekane vipi. Siku nyingine niliweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, f/16, nikafunga ND64. Shata ya 1/100 ikawa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Jiwe lilitulia, alizeti zikageuka moshi wa njano. ND1000 ingenipa sekunde kumi. Hiyo ni nzuri kwa mawingu. Ila ni nyeusi mno, hivyo lenga na ukaze fokasi kwanza, ndipo uifunge.

Kuna pia filta ya kuzungusha, ambayo namba yake hubadilika unapoigeuza. Ni rahisi kwa video, maana wingu likipita huhitaji kufungua kitu. Lakini niliwahi kununua moja ya bei ya kutupa. Nilipoizungusha hadi mwisho, msalaba mweusi ukakata anga ya harusi ya watu! Tangu siku hiyo siizungushi hadi mwisho.

Kabla ya kulipa, tazameni lenzi yenu. Karibu na alama ya duara lililokatwa mstari kuna namba kama 52, 67 au 77: huo ni upana wake kwa milimita. Mkiwa na lenzi kadhaa, nunueni filta ya ile pana zaidi, kisha pete za kuunganishia zile ndogo. Halafu pigeni karatasi nyeupe mara mbili, bila filta na kwa filta. Karatasi ikiingia wekundu au ukijani, rudisheni.

Na hili mlishike sana. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama mwezi ukilikinga jua hadi likabaki pete ya moto. Siku kama hiyo ikija, msitazame jua kupitia filta hizi, hata ND1000. Yenyewe hupitisha sehemu moja kati ya elfu, na joto lisiloonekana hupenya. Filta halisi za jua hupitisha karibu sehemu moja kati ya laki moja. Jicho likiungua halina fundi.

Mpwa wangu alinunua ND32. Video ya bibi yake iko hapa kwenye simu, mtaiona. Nanyi mkienda dukani, hesabuni mbegu kwanza, pesa baadaye.